Najat na Minyororo Isiyopatana

Tukuyu, Rungwe
Ijumaa, baada ya swala

Kaka yangu mpenzi Saad,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani kwako Tanga, goti limetulia na kahawa iko karibu. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Baridi ya Tukuyu ni ile ile uliyoikimbia, mvua ni ile ile, na mimi mdogo wako ni yule yule, isipokuwa heshima imeongezeka. Sijisifu, natoa taarifa. Siku hizi hakuna mguu unaopita mjini hapa usioujua mkono wangu. Mlima Rungwe ungekuwa na miguu, ungeteremka alfajiri kuja kupanga foleni kibandani kwangu. Mashehe, wachungaji, mabwana shamba, madereva wa magari ya chai, wote wanasimama juu ya kazi yangu. Marehemu mzee Ambilikile nilimwekea soli, akafa yeye, soli ikabaki. Sasa anavaa mwanawe, na huyo naye nasikia ameanza kukohoa. Nikifunga kibanda, wilaya nzima inachechemea.

Shemeji Arafa hajambo? Mwambie yale makubadhi aliyoniletea mwaka jana yako tayari tangu zamani, ninachongoja ni msafiri mwaminifu. Na goti lako usilikande kwa maji ya moto peke yake. Tia majani ya mwarobaini, na uache kukaa umekunja mguu kama mfalme. Tusekile anakusalimu sana. Ametoka Kawetele kwao juzi na maharage mabichi, ameniambia niandike kwamba angekuwa karibu angekupikia na ndizi za nazi, ingawa nazi zenyewe ziko huko kwako.

Sasa nije kwenye shina la barua. Uliniagiza nikuandikie, nisikupigie. Ulisema kwenye simu nakudanganya kwa kuwa maneno hayana uzito, lakini mkono ukiandika huchoka, na mtu aliyechoka husema kweli. Basi nimeshachoka, kaka, na bado sijafika popote.

Agizo lako nalirudia hapa ili usije ukasema sikulielewa. Mwanao Najat amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kuendelea na masomo. Wewe hukusema ndiyo, wala hukusema hapana. Ulisema utamruhusu iwapo atapatikana mtu mzima mmoja katika ukoo wetu atakayekueleza kwa Kiswahili cha kueleweka mtoto anafanya kazi gani, maana yeye akikueleza unaona kama anakusomea karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Na kama kazi yenyewe ni moshi tu, arudi Tanga, akusaidie duka la vitambaa, aolewe na yule kijana wa Chumbageni ambaye mama yake hachoki kuleta visheti. Kwa kuwa Najat alikuwa anakuja huku Rungwe kufanya majaribio yake, ukaniteua mimi. Chaguo lako lilikuwa la busara. Mwingine angekosea.

Alipofika alikuwa na sanduku moja kubwa la chuma na begi dogo la nguo. Nikajua hapo hapo kwamba huyu ni mtoto wa kazi, maana wasichana wengine mizani huwa kinyume. Nilimpokea stendi mimi mwenyewe, nikambebea sanduku kichwani mpaka nyumbani, na njiani kila aliyeniuliza kuna nini ndani nilimjibu kwamba ni siri ya serikali. Jairo, yule fundi redio wa kibanda cha jirani, hakuridhika. Alitufuata hadi mlangoni, akataka kujua serikali gani inayobebwa kichwani na fundi viatu. Mtu mwenye wivu hana likizo.

Jioni ile tulipomaliza kula, nilimwambia Najat aniambie kazi yake polepole, kama anayemfundisha mtu mwerevu sana ambaye hajapata nafasi. Akacheka, akanivua kiatu. Ndiyo, kaka, alikivua mguuni, akakikunja soli, akaniuliza kwa nini hii inakunjika kama mpira lakini haitanuki ovyo kama mpira, na kwa nini nikiipasha moto inalainika, ikipoa inarudi ugumu wake. Nikamjibu kwamba ni kwa sababu nimeiweka mimi. Akasema hapana, baba mdogo, sababu nyingine.

Basi sikiliza, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Vitu kama soli, nailoni, ndoo, vimetengenezwa kwa minyororo midogo mno, haionekani hata ukiazima macho ya kipanga. Wataalamu wanaiita polima. Mnyororo wa kawaida pingili zake zote ni za namna moja. Lakini Najat anashughulika na minyororo ya aina ya pekee: nusu yake ni pingili za namna moja, nusu ya pili ni za namna nyingine, na nusu hizo hazipatani. Ni mafuta na maji. Zikiachiwa, hii ingekaa juu na ile chini, kila mmoja na nyumba yake. Lakini zitaachianaje? Zimefungwa fundo katikati. Kila mmoja anavuta kwenda zake na hafiki popote zaidi ya urefu wa kamba yake.

Nilipofika hapo nikamtazama Tusekile. Tusekile akanitazama. Yeye anaimba nyimbo zake za Moravian jikoni, mimi naswali sebuleni. Yeye anataka dirisha wazi, mimi nataka lifungwe. Tumefungwa fundo mbele ya mashahidi, na nyumba haijaungua. Nikamwuliza Najat sasa hiyo minyororo inafanyaje. Akasema inafanya kama mnavyofanya ninyi, inajipanga. Kwa kuwa haiwezi kupatana na haiwezi kuachana, inajigawia mahali: wa huku wote wanakusanyika huku, wa kule kule, mstari kwa mstari, kama kitambaa cha kikoi, ila mistari yenyewe ni myembamba kuliko unywele uliopasuliwa mara elfu. Na hakuna anayeifuma. Yeye anaiyeyusha kwenye dawa, anaimwaga kwenye sahani ya kioo, anaifunika, anaipa joto la kiasi, halafu anaiacha. Ikitulia, imejifuma yenyewe.

Kaka, mimi nimeshona maisha yangu yote, kila tundu kwa sindano na nta. Nikasema mtoto huyu amegundua kitambaa kinachojishona. Akanisahihisha, akasema hakugundua yeye, wako watu waliotangulia. Ila liko jambo dogo ambalo ni lake. Watu wamezoea kutumia mnyororo wa aina moja wapate umbo moja. Ukiwa nusu kwa nusu unatoa mistari. Upande mmoja ukiwa mfupi, huo mfupi hauna nguvu ya kushika mstari, unajikusanya kwenye madoa madoa, kama chui. Najat anachukua wale wa mistari na wale wa madoa, anawachanganya chungu kimoja. Chini yao, kwenye ile sahani, anachora vijituta vidogo vya kuwaongoza, kama matuta ya viazi. Basi mahali tuta lilipobana wanachagua mistari, lilipotanuka wanachagua madoa, na katikati hapo wanatoa umbo ambalo hakuna upande uliokuwa nalo ulipokuwa peke yake. Hilo la katikati ndilo analolitafuta.

Akasema soli ya kiatu changu imetokana na jamaa wa minyororo hiyo hiyo: ncha ngumu zinashikana, tumbo laini katikati linakunjika. Maana yake, kaka, mdogo wako amekuwa mwanasayansi tangu ujana bila kuambiwa. Kesho yake nilimweleza Jairo habari hii. Akasema kwa hesabu hiyo kuku wake naye ni daktari wa mayai.

Utaniuliza inahusiana nini na Rungwe. Inahusiana na parachichi. Unajua watu huku sasa wameweka parachichi hadi mlangoni, na matunda yanasafiri mbali kwa meli. Tunda lile linapumua, kaka. Linatoa hewa yake, na hewa hiyo ni kama mbea: tunda moja likianza kuiva linawaambia wengine wote, nao wanaiva kwa pupa, na boksi linafika ng'ambo likiwa uji. Ukilifunga kwenye nailoni linatoka jasho na kuoza. Ukiliacha wazi linanyauka. Najat ametengeneza karatasi laini, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ambayo upande wake laini unapitisha pumzi na upande wake mgumu unashikilia isichanike. Kama hilo umbo la katikati likikaa sawasawa, pumzi mbaya inatoka kwa kadiri yake na unyevu unabaki kwa kadiri yake. Alichohitaji ni wakulima wa kumpa matunda ya kujaribia. Na Wajerumani walisema wanangoja majibu ya majaribio hayo pamoja na neno lako. Bila matunda hakuna majibu. Bila majibu hakuna safari hata ukiridhia.

Kwa jina langu nikampeleka Nkunga, ambako kuna kikundi cha wakulima wa parachichi. Kule wananijua kwa viatu tu, lakini wananijua. Mwenyekiti wao ni mzee Ackson, mtu mrefu, mkimya, mwenye kikohozi kinachosikika kabla yeye hajaonekana. Tulikuta watu wameketi kwenye banda la kukusanyia matunda, mvua inanyesha, na Ackson mwenyewe hajafika. Nikaona heri nianze mimi, nipashe moto mkutano.

Nikawaambia karatasi hii ni ya ajabu. Nikawaambia huko Ulaya wamefunika parachichi moja kwayo, na leo mwaka wa saba bado liko mezani, bichi, linang'aa. Palikuwa na mama mmoja mkulima, Felista, mwanamke wa maneno makavu. Akauliza hilo la miaka saba ni parachichi au ni jiwe. Watu wakaangua kicheko. Mwingine, Andrea, akasema kama ni hivyo basi wamfunike bibi yake. Emmanuel naye akasema mwaka ule walikuja wengine na unga wa kutia kwenye migomba, migomba ikafa yote na wale watu hawakuonekana tena, na wao pia walianza kwa maneno matamu kama ya fundi viatu. Hapo kicheko kikakatika. Nikaona nyuso zinafunga milango.

Najat akasimama. Akasema mzee wake ameongeza chumvi, hakuna tunda la miaka saba, na yeye hajui kama karatasi yake itafanya kazi, ndiyo maana amekuja kuomba matunda machache. Nikataka ardhi inimeze. Nani anakwenda kuomba kitu akianza kwa kusema hajui? Kisha akajaribu kuwaeleza habari ya minyororo, na alivyokuwa na hofu, yakatoka yale maneno ya boksi la dawa. Felista akapiga miayo. Andrea akaanza kutafuta mwavuli wake.

Sasa palikuwa na binti mmoja, Doreen, ameolewa na mtoto wa Ackson. Alikuwa amejitolea kumsaidia Najat, ameshika beseni lenye parachichi zilizofunikwa, anapita kuwaonyesha watu. Mara tukasikia kikohozi upande wa juu wa banda. Ackson huyo anakuja. Kaka, wewe umekulia hapa, unaikumbuka desturi ya wenyeji: mke wa mwana na baba mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hamtazami, hamtaji jina, akisikia yuko njiani anapinda. Wengi wameiacha, lakini kwenye boma la Ackson bado inashikwa. Doreen hakufikiri hata kidogo. Alitupa beseni, parachichi zikaviringika hadi miguuni kwa watu, akapita chini ya ubao wa nyuma wa banda, akazama migombani kwenye mvua. Ackson aliingia akakuta matunda yanazurura sakafuni na watu wanashika mbavu. Naye akageuza uso haraka upande wa pili, kwa heshima, asije akaona hata pindo la kanga.

Mimi niliona kazi imeharibika. Nikaanza kuokota. Najat hakuokota. Alisimama pale pale katikati, macho yamemng'aa kama mtu aliyeona pesa, na Tusekile alikuwa ameshamweleza desturi ile nyumbani. Akawauliza wale watu kwa nini Doreen asihamie Kyela kabisa aepukane na kukimbia mvuani. Wakamjibu wote kwa pamoja, atahamaje na mumewe ni mtoto wa hapa? Akauliza, na mzee kwa nini asimwondoe? Ackson mwenyewe akajibu, akitazama ukuta, kwamba huyo ni mama wa wajukuu zake na kwamba hakuna anayepika makande vizuri kama yeye. Watu wakapiga makofi. Najat akasema basi, hawawezi kukutana na hawawezi kuachana, kwa hiyo boma likoje? Felista, aliyekuwa anapiga miayo, akawa wa kwanza kueleza. Akasema mlango wa jiko unatazama huku, njia ya mzee inapita kule, katikati pameachwa migomba, na kisimani anayetangulia anaimba ili mwenzake ajue. Najat akauliza nani aliyechora ramani hiyo. Wakatazamana. Hakuna aliyechora. Boma limejipanga lenyewe, kwa sababu ya watu wawili wanaoogopana na waliofungwa kwenye ukoo mmoja.

Najat akawaambia, karatasi yangu ndiyo hiyo. Ndani yake mna Doreen wengi na mababa mkwe wengi, kila Doreen amefungwa na wake. Kwa vile hawawezi kukutana wala kuachana, wanaacha njia. Na pumzi ya tunda lenu inapita kwenye njia hizo.

Kaka Saad, Andrea aliacha kutafuta mwavuli. Kisha watu wakaanza kuuliza maswali, na maswali yenyewe ya maana. Andrea akauliza je, ukichanganya boma lenye mkwe mmoja na wake wa wana wengi, na boma lenye wawili wawili? Najat karibu amkumbatie, maana hilo ndilo swali ambalo walimu wake wanaliuliza. Akachora kwa mkaa kwenye ubao: hawa wanatoa madoa, hawa wanatoa mistari, nikiwaweka kiwanja kimoja na kuwawekea matuta, wanatoa njia za namna ya tatu. Emmanuel, yule wa migomba iliyokufa, akataka kujua kama sumu ya karatasi inaingia kwenye tunda. Hilo nalo Najat hakulipaka sukari. Akasema ameipima Dar es Salaam na hakuona kitu, lakini ataipima tena, na kwa sasa matunda ya majaribio yasiuzwe wala yasipewe watoto.

Mwishoni Ackson akasema maneno machache. Akasema yeye haogopi mtu anayesema sijui, anaogopa yule wa miaka saba. Kila mtu akanigeukia. Nikacheka kuliko wote, ili ionekane mzaha ulikuwa wangu. Akaamuru kila mkulima alete matunda, na yeye akatoa ya mti wake wa mbele ya nyumba, ule ambao hauchumwi ovyo.

Majaribio yakafanyika pale pale bandani. Mengine yalilala wazi, mengine kwenye nailoni ya dukani, mengine kwenye karatasi ya mistari mitupu, mengine ya madoa matupu, na yale ya mchanganyiko. Najat alikuwa anapanda kule kila asubuhi, amevaa mabuti niliyomtia viraka kwa mkono wangu, na ninakuapia hayakuingiza hata tone. Siku ya kufunua, banda lilijaa kuliko siku ya mnada. Hata Jairo alipanda toka mjini, akidai amekuja kutengeneza redio ya mtu.

Ya wazi yalikuwa yamenyauka kama sura yangu. Ya nailoni yalinuka. Ya mistari na ya madoa, hivi hivi, nusu shari nusu heri. Ya mchanganyiko, kaka! Ackson aliokota moja akalibonyeza karibu na kikonyo kwa dole gumba, namna wanavyofanya wanunuzi. Gumu. Akaokota jingine. Gumu. Kila mtu akataka kubonyeza lake. Felista akasema hata kama haya si ya miaka saba, yanatosha.

Na katikati ya shangwe hiyo, unajua mwanao alifanya nini? Aliinua boksi moja juu, akawaonyesha kwamba ndani yake, chini ya karatasi ile ile ya mchanganyiko, matunda yameoza vibaya. Hakuna aliyekuwa ameyaona. Angeyasukuma chini ya meza kwa mguu, asingejua mtu. Akasema pale karatasi ilivutwa wakati wa kufunga, njia zikafumuka, na yeye bado hajajua namna ya kuizuia isifumuke, na ndiyo sababu anataka kwenda Ujerumani: kule wana mashine ya kuziona hizo njia kwa macho wakati zinajipanga. Jairo, ambaye hajawahi kusifia kitu kisicho na betri, aliniinamia sikioni akasema huyu mtoto ana kichwa, amekitoa wapi? Ndiyo siku pekee ambayo sikumjibu.

Basi jibu langu ndilo hili, mimi mtu mzima uliyenituma. Kazi ya Najat si moshi. Anawachukua wasiopatana waliofungwa pamoja, anawachanganya na wengine wa tabia nyingine, anawawekea matuta, anawapa joto na muda, wanajenga kitu ambacho mkono wa mtu hauwezi kukijenga. Nimekueleza kwa Kiswahili, na kama kuna mahali hukuelewa basi rudia kusoma, kosa si langu. Mruhusu aende. Yule kijana wa Chumbageni mwambie mama yake visheti ni vitamu, ila duka limefungwa kwa sasa. Akirudi Najat atakuta vijana wengine, na visheti vingine.

Nilikuwa nimekunja barua niifunge, nikaikunjua. Uliposema anayeandika huchoka akasema kweli, hukukosea, shari ni hiyo. Liko jambo moja dogo.

Siku ile ya kwanza kule Nkunga, kabla sijawaambia habari ya miaka saba, Felista aliniuliza huyu binti ni nani wako. Ningesema binti yangu, isingekuwa kosa. Kwetu baba mdogo ni baba, hata wewe usingenilaumu. Lakini sikuishia hapo. Nilisema binti yangu wa kumzaa. Mdomo ulishafunguka, kaka, unanijua. Nikawasimulia mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa, nikawasimulia jino lake la kwanza, nikasema kichwa amekitoa kwangu ila pua ni ya mama yake, Tusekile. Najat alikuwa amesimama pale pale, anasikia yote. Alisahihisha parachichi la miaka saba mbele ya kila mtu. Hili hakulisahihisha. Aliinamisha kichwa tu, na tangu siku ile nyumbani ananiita baba, lile neno mdogo ameliacha mahali fulani njiani, nami sijamwuliza wapi.

Baada ya siku ya kufunua, Ackson alileta mkungu mkubwa wa ndizi hadi nyumbani, akasema ni wa kuwapongeza wazazi kwa malezi. Tusekile ndiye aliyefungua mlango. Alisikiliza maneno yote hadi mwisho. Akanitazama, nami nikatazama viatu. Kisha akapiga magoti kidogo, akaupokea ule mkungu kwa mikono miwili, akashukuru kwa lugha ya kwao, ndaga fijo, na akaenda kuupika. Hatujalizungumza. Ndizi zilikuwa tamu, nasikitika kukuambia, maana kwa haki zilikuwa zako na shemeji Arafa.

Sasa wakulima wa Nkunga wanataka kumfanyia Najat karamu ya kumuaga, na ukitoa ruhusa yako najua hutakubali kuitoa kwa simu, utapanda mwenyewe na goti lako. Karibu sana, chumba kipo. Ila nakuomba, kaka yangu mkubwa, uliyenizidi umri, akili na mtoto: ukifika kule watakuita baba mkubwa wa Najat. Waitikie tu.

Msalimie shemeji, wasalimie majirani wote wa baraza, na dua zako usinisahau. Tusekile anasema mje na nazi.

Wako akupendaye,
Zubery, fundi viatu
Tukuyu